Meno ya Bandia Yanalala Wapi?

Anayetaka kujua hali ya kinywa cha mtu mwenye meno ya bandia kwa kawaida huanza na mswaki: unayasugua mara ngapi kwa siku? Si swali baya, lakini jibu lake halina faida kubwa, kwa kuwa kila mtu analijua jibu linalotakiwa. Linalofichua mengi ni lile la usiku. Meno yenyewe yanalala wapi? Kinywani, chini ya mto, kwenye kikombe cha maji, au yamefungwa kwenye leso na kutiwa mfukoni mwa koti? Katika hayo manne, fangasi hana analolipenda kuliko la kwanza, na ndilo ambalo wavaaji wengi huona taabu kulikiri mbele ya daktari.

Nataka kulitazama suala hili kutoka Kasanda, kata ya nyanda za juu za Kigoma, upande uliokuwa Kibondo kabla Kakonko haijawa wilaya mwaka 2012. Sababu yangu ni moja. Ushauri mwingi kuhusu usafi wa meno ya bandia umeandikwa kwa ajili ya nyumba yenye bomba ndani, taa juu ya kioo cha bafu, na duka la jirani linalouza vidonge maalumu vya kuloweka meno. Ukiuhamishia kwenye nyumba ambayo maji huchotwa na kuhesabiwa kwa ndoo, baadhi yake husimama vilevile, baadhi huanguka, na baadhi hugundulika kuwa hata huko ulikoandikiwa ulikuwa na walakini.

Tuanze na wavaaji wenyewe. Mtu akisikia meno ya bandia hujengeka kichwani mwake bibi au babu kibogoyo, asiye na jino hata moja. Picha hiyo ni ya Ulaya ya karne iliyopita zaidi kuliko ya kwetu. Utafiti wa Irene Kida na wenzake, uliochapishwa mwaka 2006, uliwapima watu wa miaka 50 na kuendelea katika Pwani na Dar es Salaam. Zaidi ya wanane kati ya kumi walikuwa wamepoteza angalau jino moja, na sababu iliyotangulia zote ni kutoboka. Pwani si Kigoma, lakini njia anayopita mtu hadi kupoteza jino haibadiliki sana: linatoboka, linauma, linavumiliwa, linauma tena, linang'olewa. Anayefika kituo cha afya na jino ambalo lingeweza kuzibwa miezi sita iliyopita huondoka na pengo.

Ongeza ajali za bodaboda, ambazo hazimngoji mtu azeeke. Kijana akianguka kifudifudi huondokewa na meno ya mbele, mawili au manne, na hayo ndiyo ambayo hawezi kuishi bila kuyarudisha. Kwa hiyo meno ya bandia ya huku kwa sehemu kubwa si taya zima. Ni bamba dogo la akriliki la rangi ya fizi, lenye meno machache, lililoshikizwa kwa vikulabu vya waya kwenye meno yaliyobaki. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kwa asiye na jino hata moja, uchafu wa bamba humdhuru fizi na kaakaa. Kwa mwenye meno yaliyobaki, uchafu uleule unakula pia meno ambayo vikulabu vimeyashika, na likioza moja, bamba lijalo litakuwa kubwa zaidi na litafunika kaakaa zaidi.

Jino huweza kung'olewa karibu na nyumbani. Kutengenezewa la kuziba pengo ni habari nyingine: lazima upigwe chapa ya taya, pawe na maabara na fundi sanifu wa meno, urudi kujaribishwa, urudi tena kurekebishwa. Kutoka Kasanda, hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, iko Kigoma Ujiji, ng'ambo ya Kibondo na Kasulu. Mtu akishafanikiwa kulipata bamba lake, safari ya kurudi kwa sababu tu linasugua kidogo upande wa kushoto huahirishwa, na kuahirishwa huko hugeuka miaka.

Sasa tumtazame mpangaji wa chini ya bamba. Anaitwa Candida albicans, fangasi wa jamii ya hamira, na si mgeni kinywani. Kati ya theluthi na nusu ya watu wazima wenye afya njema wanaye bila kumjua; mate, ulimi na bakteria wengine humweka mahali pake. Daktari Mjerumani Langenbeck alimwona mwaka 1839 kwenye utando wa kinywa cha mgonjwa, na jina la ukoo analotumia leo alipewa na Christine Berkhout huko Uholanzi mwaka 1923. Miaka yote hiyo alijulikana kama maradhi ya watoto wachanga na ya watu waliokwisha dhoofu. Kilichomfungulia mlango wa vinywa vya watu wenye nguvu zao ni plastiki.

Mwaka 1937 Mmarekani Walter Wright alieleza jinsi akriliki inavyofaa kutengenezea vitako vya meno ya bandia, na katika muda mfupi ikaufukuza mpira mgumu uliotumika tangu katikati ya karne ya 19. Akriliki ni nyepesi, ina rangi nzuri, hutengenezeka kwa bei nafuu. Lakini uso wake, hata ukiwa unang'aa, una vishimo. Watafiti wa vifaa vya kinywani wana kipimo wanachokitumia: mikwaruzo ikizidi kina cha mikromita 0.2, uchafu na vijidudu huanza kushika kwa wingi. Unywele wa mtu una unene wa zaidi ya mara mia mbili ya hapo. Upande wa juu wa bamba, ule unaoonekana, hung'arishwa maabara. Upande unaogusa kaakaa haung'arishwi, kwa sababu lazima ufuate umbo la nyama ya mtu, na huo ndio upande wa fangasi.

Akishafika pale hufanya mambo matatu kwa mfuatano. Hung'ang'ania, huzaana, kisha hujifunika. Chembe za duara hurefuka na kuwa nyuzi. Nyuzi husukana na bakteria na mabaki ya chakula kuwa utando mmoja wenye ute, na ndani ya utando huo dawa hupenya kwa shida. Mazingira ya chini ya bamba yanamsaidia. Mate, yenye protini za kuua fangasi, hayafiki vizuri. Hewa ni kidogo. Chai ya sukari ikipita, tindikali inayotengenezwa na bakteria hubaki imefungiwa humo, na fangasi huyu huipenda tindikali. Ndiyo maana taya la juu huugua zaidi kuliko la chini: bamba la juu limebandikwa kwenye kaakaa kama kifuniko, ilhali la chini linaogeshwa na mate muda wote. Mwaka 2016 watafiti, wakiwemo wa King's College London, walieleza sumu ambayo nyuzi za Candida hutoa kutoboa chembe za ngozi ya ndani ya mdomo. Kabla ya hapo ilijulikana kwamba anadhuru, bila kujulikana hasa kwa silaha gani.

Matokeo yake ni wekundu. Ukilivua bamba na kumulika, kaakaa huonyesha doa jekundu lenye mipaka ileile ya bamba, kana kwamba limechorwa. Mtafiti aitwaye Newton, mwaka 1962, aliugawa ugonjwa huu katika ngazi tatu: vidoa vilivyotawanyika, kisha wekundu ulioenea, kisha kaakaa lenye vinundu. Mgawanyo huo bado unatumika. Wengine hupata pia mipasuko kwenye pembe za mdomo, ambayo mitaani huambiwa ni upungufu wa vitamini, na mara nyingine ni kweli.

La ajabu ni kwamba mara nyingi hauumi. Mgonjwa hana la kusema. Ladha hubadilika kidogo, mdomo hunuka, wachache husikia kuwashwa, wengi hawasikii kitu. Kwa hiyo takwimu za ugonjwa huu hutegemea sana nani kachungulia. Tafiti za nchi mbalimbali zimetoa viwango kuanzia takriban mtu mmoja kati ya saba hadi zaidi ya wawili kati ya watatu miongoni mwa wavaaji. Pengo pana namna hiyo linatuambia kwamba walipimwa watu wa aina tofauti, kwa vigezo tofauti, na macho tofauti.

Kuna ubishi mmoja wa kitaalamu ambao unafaa kufika Kasanda, kwani una athari kwa mfuko. Je, kinachoanza ni fangasi au ni msuguano? Kundi moja la watafiti, hasa kutokana na kazi iliyofanyika Denmark miaka ya 1970, lilimweka fangasi mbele. Wengine wakasema bamba lisilokaa vizuri huchubua, na fangasi huingia palipochubuka. Leo wengi wanakubali kwamba yote mawili hushirikiana. Lakini mwandishi wa kijitabu cha afya akichagua nusu ya kwanza tu, lawama yote humwangukia mvaaji: hujasafisha. Akiikumbuka nusu ya pili, sehemu ya lawama humfuata aliyetengeneza, na mfumo ambao haumwiti mtu kurudi. Jino likishang'olewa, mfupa wa taya hupungua, kwa kasi zaidi katika mwaka wa kwanza, na huendelea kupungua polepole maisha yote. Bamba halipungui. Lililokaa sawasawa siku ya kwanza litacheza baada ya miaka michache hata likisafishwa kwa uaminifu wa namna gani. Mimi naona kwamba katika mazingira ya huku, kuuita ugonjwa huu ugonjwa wa uchafu ni kumwonea mgonjwa.

Hata hivyo usafi upo, na una mambo yake.

Mwongozo unaotajwa sana ni ule wa chama cha madaktari wa meno ya bandia wa Marekani wa mwaka 2011. Unasema bamba lisafishwe kila siku kwa kuloweka na kusugua kwa kitu kisichokwaruza. Lisitiwe kamwe katika maji yanayochemka. Lisikae kwenye dawa ya klorini zaidi ya dakika 10. Na lisivaliwe mfululizo saa ishirini na nne. Tuyapitishe masharti hayo moja moja kwenye kibaraza cha nyumba ya Kasanda.

Kusugua ni rahisi. Kipande cha sabuni ya mche au sabuni ya maji, mswaki laini uliotengwa kwa kazi hiyo, na maji yasiyozidi bakuli moja. Tatizo ni kwamba watu wenye bidii hutumia vitu vyenye bidii kama wao: majivu, unga wa mkaa, mchanga laini, au dawa ya meno yenye chembechembe. Meno ya asili yana gamba gumu na huvumilia mengi ya hayo. Akriliki haivumilii. Kila msuguano huongeza mikwaruzo, na tumeshaona mikwaruzo inamfaa nani. Ipo kejeli hapa: anayesugua kwa nguvu zaidi huenda anamtengenezea fangasi makao bora kuliko mvivu. Na asuguapo aweke bakuli la maji au kitambaa chini, maana bamba likianguka juu ya sakafu ya saruji huvunjika, na bamba lililogundishwa kwa gundi ya dukani ni habari mbaya zaidi.

Maji ya moto ni mtego wa watu wenye akili. Mama aliyefundishwa kuchemsha chupa ya mtoto na maji ya kunywa anaona ni jambo la busara kuchemsha na meno. Joto hilo hulipinda bamba, kidogo tu, lisionekane kwa macho, ila litoshe kulifanya lisikae tena mahali pake. Kisha linasugua, na mzunguko unaanza upya.

Klorini inaua fangasi vizuri. Jik ya asilimia 3.5, inayouzwa katika maduka ya kawaida, ukichanganya sehemu moja na sehemu sita za maji unapata nguvu ya asilimia 0.5, na dakika chache zinatosha kabla ya kusuuza sana. Lakini klorini hula metali. Bamba lenye vikulabu vya waya, yaani lile ambalo nimesema ndilo la kawaida huku, ndilo ambalo halipaswi kulowekwa humo mara kwa mara. Ushauri wa Jik kwa hiyo unamfaa zaidi kibogoyo mwenye bamba tupu la plastiki, na anayepewa ushauri huo bila kuulizwa kama lake lina waya ameshauriwa nusu. Wapo waliojaribu siki, na katika majaribio imepunguza Candida, ingawa haina nguvu ya klorini.

Halafu kuna kikombe cha maji cha usiku. Kila kijitabu kinasema meno yalale ndani ya maji, yasikauke. Hapa ndipo ushauri wa nyumba yenye bomba unapoanza kuyumba. Maji yaliyokaa kwenye kikombe kilekile siku tatu, yasiyochemshwa, yenye mabaki ya chakula cha jana, ni bwawa la kufugia vijidudu. Mwaka 1986 watafiti Stafford, Arendorf na Huggett walilinganisha kulowesha na kukausha, wakaona kwamba bamba likikaushwa usiku kucha fangasi hupungua. Hofu ya akriliki kujikunja ikikauka ina ukweli, lakini ni kidogo. Kwa nyumba isiyo na maji safi ya kubadilisha kila siku, kulisugua bamba, kulifuta, na kulilaza kwenye kikopo kikavu chenye matundu kunaonekana kwangu kuwa shauri lenye mantiki kuliko kikombe. Mwenye maji yaliyochemshwa na kupoa, na moyo wa kuyamwaga kila asubuhi, aendelee na kikombe chake.

Tufike kwenye kuvua usiku, ambako mambo ni mazito zaidi ingawa hakuna gharama yoyote. Kuvua ndiko kunakoruhusu mate kuosha kaakaa, hewa kufika, nyama kupumzika na utando kukatika. Hakuhitaji sabuni, wala dawa, wala nauli ya kwenda Maweni. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee 524 wa Tokyo wenye miaka 85 na zaidi kwa miaka mitatu. Waliokuwa wakilala na meno ya bandia walikuwa na hatari ya nimonia iliyozidi mara mbili ya wale waliovua. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba bamba ndilo lililoleta nimonia. Mtu anayelala nalo huenda ni mzembe na katika mengine. Lakini njia yenyewe inaeleweka: mzee akiwa usingizini huvuta matone ya mate kwenda mapafuni, na kilichomo ndani ya mate hufuata.

Kama ni bure na kuna faida, mbona watu hawavui? Kwa sababu ya aibu, na aibu hiyo si upuuzi. Kijana aliyeoa akiwa na meno mawili ya bandia huenda hajamwambia mkewe. Bibi anayeheshimiwa hataki wajukuu wamwone mashavu yamebonyea, wala kusikia neno kibogoyo likitajwa kwa kicheko hata kama halikuelekezwa kwake. Usiku wa kijijini hauna faragha ya hoteli: msiba hugonga mlango saa nane, mtoto huugua, jirani huita, na mtu lazima atoke akiwa mzima. Panya nao ni tishio la kweli kwa kitu kidogo chenye harufu ya chakula. Kumwambia mtu wa namna hiyo "vua usiku" na kuishia hapo ni kumwachia yeye kazi yote.

Ukiuangalia mwili wenyewe, hauna kalenda ya usiku. Unachotaka ni saa sita au nane za kupumzika katika kila siku. Mwenye haya ya usiku anaweza kuvua mchana awapo shambani peke yake, akalitia bamba kwenye kikopo, akalivaa arudipo. Sijaona shauri hili likiandikwa mara nyingi, labda kwa sababu waandishi wa vijitabu hawalimi. Lina hatari yake, ya kupoteza kikopo kwenye matuta ya mihogo. Nadhani hatari hiyo inabebeka kuliko kaakaa lililofunikwa saa ishirini na nne.

Kwenye dawa sitakaa sana, ingawa ndiyo kitu cha kwanza watu huulizia. Nistatini, dawa ya zamani ya fangasi wa kinywa, ilivumbuliwa na wanawake wawili wa idara ya afya ya jimbo la New York, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, kutokana na kijidudu cha udongo uliochukuliwa shambani Virginia. Waliitangaza mwaka 1950, na jina lake limetokana na jimbo la New York. Hawakujitajirisha, mapato waliyaelekeza kwenye utafiti. Kwenye kinywa inafanya kazi, kwa sharti moja ambalo husahauliwa: bamba livuliwe wakati wa kuitumia, nalo litibiwe. Kumpa mtu nistatini wiki mbili huku bamba lenye utando likirudishwa kinywani kila asubuhi ni kuosha mgonjwa na kumrudisha kwenye godoro lenye kunguni. Wekundu hufifia, dawa ikiisha hurudi, na mgonjwa huhitimisha kwamba dawa ni feki. Tena nyingi za nistatini ya maji zimetiwa sukari ili zinyweke, jambo la kuangaliwa kwa mwenye meno yaliyobaki.

Flukonazoli ya kumeza ina nguvu zaidi, na Tanzania ina neno la kusema juu yake. Omar Hamza, Mecky Matee na wenzao wa Muhimbili walichapisha mwaka 2008 jaribio la Dar es Salaam lenye wagonjwa 220 wenye VVU na fangasi wa kinywa: miligramu 750 zilizomezwa mara moja zilifanya kazi sawa na miligramu 150 kila siku kwa siku 14. Kwa mtu anayeishi mbali na kituo, dozi ya siku moja ni unafuu mkubwa. Lakini wale walikuwa na kinga iliyoshuka, wala jaribio halikuhusu mabamba. Kwa mvaaji mwenye afya, kukimbilia flukonazoli kabla ya sabuni ni kupoteza risasi. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani liliorodhesha fangasi wanaohitaji kipaumbele kwa hatari na usugu, na Candida albicans akawekwa katika kundi la juu kabisa.

Kinachotia wasiwasi zaidi kwenye maduka ya dawa muhimu, mfumo ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 na kuenea nchi nzima, si nistatini bali viuavijasumu. Mtu mwenye mdomo unaowaka huomba vidonge vya rangi mbili, kama wengi wanavyoviita. Vinaua bakteria, ambao ni washindani wa fangasi, na kumwachia uwanja. Mtu anatibu mdomo na kuuzidisha ugonjwa.

Wapo ambao kwao suala hili si dogo hata kidogo. Mwenye kisukari, ambaye sukari ya mate yake ni chakula cha fangasi. Mwenye VVU ambaye hajaanza dawa au ameziacha. Anayetumia dawa za kuvuta za pumu bila kusukutua. Mvutaji wa sigara au kiko. Mwenye mdomo mkavu kwa sababu ya dawa za shinikizo la damu. Kaakaa jekundu lisilopona kwa mtu wa miaka arobaini ni sababu ya kumpima sukari na VVU. Upo hata uwezekano kwamba bamba lenyewe ndilo litakaloleta habari za kwanza za ugonjwa mwingine.

Nani atachungulia? Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bure kwa wazee wasio na uwezo wenye miaka 60 na zaidi, na dirisha la wazee limeonekana hospitalini. Lakini asiye na maumivu haendi dirishani. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, wenye lengo la kufikia wahudumu 137,294, unapita nyumba kwa nyumba, na simu yenye tochi inatosha kumulika kaakaa. Kumwongezea mhudumu maswali mawili, kama una meno ya bandia na kama unalala nayo, hakugharimu vifaa. Wahudumu wanaojazwa kazi huchoka, hilo nalijua. Ila hili ni dogo.

Lipo na swali ambalo wauzaji wa meno hawapendi: je, bamba lilihitajika? Arnd Käyser wa Nijmegen, Uholanzi, alitoa mwaka 1981 hoja kwamba mtu anaweza kuishi vizuri bila magego kadhaa ya nyuma mradi meno ya mbele na ya katikati yapo. Hoja hiyo ilipimwa Tanzania. Paulo Sarita na wenzake, mwaka 2003, walilinganisha watu 725 wenye safu fupi za meno na 125 wenye safu kamili, wakaona kwamba wenye meno ya katikati kamili na walau jozi moja ya magego yanayokutana walitafuna vya kutosha. Mtu wa Kasanda aliyepoteza magego mawili, anayekula ugali wa muhogo na maharage bila shida, hahitaji bamba la kuziba pengo lisiloonekana. Anachohitaji ni kwamba jino la tatu lizibwe kabla halijang'olewa. Na mbinu ya kuziba kwa vifaa vya mkono, bila mashine wala umeme, kwa kukwangua palipooza na kujaza, ilianzia Tanzania hiihii katikati ya miaka ya 1980, kazi ya Jo Frencken na wenzake, kabla haijasambaa duniani.

Hoja ya safu fupi haimsaidii aliyepoteza meno ya mbele. Yule kijana wa bodaboda atavaa bamba, kwa kuwa daraja la kudumu lina bei isiyoshikika. Ana miaka 24. Bamba la akriliki hudumu takribani miaka mitano hadi saba kabla ya kuhitaji kubadilishwa au kutiwa tabaka jipya upande wa ndani, kwa hiyo mbele yake yako matano, sita, pengine manane. Kliniki inayompa la kwanza inaweza kumwandikia kwenye kadi tarehe ya kurudi kukaguliwa, kama anavyoandikiwa mama wa mtoto wa chanjo, na kumuuliza faraghani, mkewe akiwa nje, kama lina mahali pa kulala.